Kutoka Kabatini hadi Karakanani: Ziara za Wakusanyaji wa Sanaa ya Ufinyanzi Nchini Uingereza

Chombo cha udongo kilichowekwa ndani ya kabati la kioo huonyesha umbo na rangi yake, lakini huficha mengi yaliyo muhimu kwa anayetaka kukifahamu: uzito wake, ukwaru au ulaini wa ngozi yake, hali ya kitako chake, na dalili za moto uliokipika. Kwa sababu hiyo wapenzi wa sanaa ya ufinyanzi nchini Uingereza, hasa wale wanaonunua na kuhifadhi vyombo hivyo, wamejijengea desturi ya kusafiri kwa makundi, wakipita katika makumbusho, maonyesho ya muda, maduka ya wafinyanzi na karakana zenyewe, ili kile ambacho mmoja hakukiona kionwe na mwenzake, na kile kilichoonekana kabatini kithibitishwe mkononi. Makala haya yanaeleza desturi hiyo ilivyoanza, vituo vyake vikuu, na yale ambayo mtu hujifunza njiani. Msimamo wake ni kwamba mkusanyo mzuri hauzaliwi na fedha nyingi wala na jicho la mtu mmoja, bali na ushirika wa muda mrefu baina ya wakusanyaji, wafinyanzi na umma; tena njia hii ya Uingereza, ikifuatwa hadi mwisho, hupita Afrika mara zaidi ya moja, ikiwemo pwani ya Waswahili na jiji la Nairobi.

Vyombo vyenyewe

Vyombo vya udongo hugawanywa katika aina tatu kubwa kulingana na udongo uliotumika na joto la tanuri. Aina ya kwanza ni vyungu vya joto la chini, ambavyo kwa kawaida huchomwa kwa nyuzijoto zisizozidi 1,150 za Selsiasi, navyo hubaki na vitundu vidogo sana vinavyopitisha maji. Mtungi wa maji ni wa aina hii, na ndiyo sababu hupoza maji, kwa kuwa unyevu unaopenya ukutani hukauka nje na kuondoka na joto. Aina ya pili ni vyombo vya udongo mgumu, vinavyochomwa kwa nyuzijoto kati ya 1,200 na 1,300, ambavyo chembe zake hushikana mpaka maji yasipite. Aina ya tatu ni kauri halisi, inayotengenezwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, nayo huwa nyeupe, ngumu, na ikifinyangwa nyembamba hupitisha mwanga. Juu ya vyombo hivi mara nyingi hupakwa glezi, yaani mchanganyiko wa madini yaliyosagwa ambao huyeyuka ndani ya tanuri na kuwa utando wa kioo.

Jambo jingine linalopaswa kufahamika ni kazi ya hewa. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo ndani ya udongo huungana na oksijeni, na chombo hutoka chekundu au rangi ya chungwa. Likinyimwa hewa na kujazwa moshi, moto huyanyang'anya madini oksijeni yake, kaboni hupenya ukutani, na chombo kile kile hutoka cheusi. Mtu aliyekwisha kulielewa hilo hutazama rangi ya chungu kama kumbukumbu ya saa zake ndani ya moto, wala haidhani kuwa ni rangi ya kupaka.

Mwanzo wa desturi

Desturi ya wakusanyaji wa Uingereza kukutana kwa ajili ya kushika na kujadili vyombo pamoja ilipata umbo rasmi mwaka 1921, pale kikundi kidogo cha watu 12 kilipoanzisha London chama cha wapenzi wa kauri za nchi za Mashariki, kikiongozwa na mfanyabiashara George Eumorfopoulos. Wanachama walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakaja na vyombo vyao, vyombo vikazungushwa mezani kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja akatoa maoni yake juu ya umri, asili na ubora wa alichokishika. Mwaka 1933 chama kilifungua milango kwa watu wengi zaidi, na haikupita miaka mingi mkusanyo wa Eumorfopoulos mwenyewe ukanunuliwa kwa pauni 100,000 kwa ajili ya Makumbusho ya Uingereza na Makumbusho ya Victoria na Albert. Mpangilio huo wa mambo matatu, yaani kutazama kwa pamoja, kubishana kwa hoja, na hatimaye kuviacha vyombo mikononi mwa umma, ndio unaozitawala ziara za wakusanyaji hadi leo.

Mwanachama mwingine maarufu wa chama hicho, Percival David, aliacha mkusanyo wa kauri za Kichina wenye vyombo takriban 1,700, ambao tangu mwaka 2009 umewekwa katika chumba namba 95 cha Makumbusho ya Uingereza. Humo mna mitungi miwili mirefu ya rangi ya buluu na nyeupe yenye maandishi yanayotaja tarehe inayolingana na mwaka 1351, na kwa sababu tarehe hiyo haina shaka, wataalamu huitumia mitungi hiyo kama kipimo cha kukadiria umri wa kauri nyingine za namna hiyo. Kwa mgeni anayetoka pwani ya Afrika Mashariki, chumba hicho kina maana ya ziada, kwa sababu bakuli za kijani za Longquan na bakuli za buluu na nyeupe zilizopangwa humo ni ndugu wa zile ambazo Waswahili wa karne zilizopita walizinunua kutoka kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, wakazipanga katika zidaka za nyumba zao, na wakazipachika katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi, kama inavyoonekana Gedi nchini Kenya na Kunduchi nchini Tanzania. Watu wa pwani nao walikuwa wakusanyaji, nao waliziweka kauri zao mahali ambapo kila mpita njia aliweza kuziona.

London: kabati, karakana iliyohamishwa, na duka

Ziara nyingi huanzia London, na ndani ya London huanzia ghorofa ya juu ya Makumbusho ya Victoria na Albert, ambako vyumba vya kauri vilivyofanyiwa ukarabati vilifunguliwa upya kwa awamu mbili, mwaka 2009 na 2010. Vyombo vya dunia nzima vimepangwa humo kwa maelfu katika makabati marefu yanayofika karibu na dari, na juu kabisa, ndani ya kuba la jengo, msanii Edmund de Waal aliweka vyombo vyake 425 juu ya rafu nyekundu ya mviringo, mtazamaji akiwa hana namna ya kuvifikia. Thamani ya vyumba hivyo kwa mkusanyaji ni kwamba humpa nafasi ya kulinganisha: ukingo wa bakuli la Korea na ukingo wa bakuli la Uajemi, au glezi ya karne ya 12 na ile iliyoigwa karne ya 20.

Ndani ya vyumba hivyo imejengwa upya karakana ya Lucie Rie, mfinyanzi aliyezaliwa Vienna mwaka 1902 na kukimbilia London mwaka 1938 kutokana na mateso ya Wanazi dhidi ya Wayahudi. Wakati wa vita na baada yake alijikimu kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya kauri, na mwaka 1946 akampa kazi mkimbizi mwenzake, Hans Coper, ambaye hakuwa na ujuzi wowote wa ufinyanzi. Wote wawili wakaja kuhesabiwa miongoni mwa wafinyanzi wakubwa wa karne hiyo. Gurudumu la Rie na zana zake za kazi huonyesha jambo ambalo vyombo vyake vyembamba, vyenye miguu midogo na midomo iliyopanuka, hulificha, nalo ni kwamba vilizaliwa katika chumba kidogo, kwa zana chache, na kwa kazi ya kila siku iliyorudiwa mpaka mkono ukazoea.

Kituo cha tatu cha London kina hadhi tofauti, kwa kuwa ni duka. Chama cha wafinyanzi kilichoanzishwa mwaka 1958 kina duka lake katika mtaa wa Great Russell, mkabala na Makumbusho ya Uingereza, na tangu mwaka 2005 chama hicho kimekuwa kikiandaa London maonyesho ya biashara ambamo wafinyanzi husimama wenyewe nyuma ya meza zao. Mkusanyaji mpya anayetoka kuona vyombo visivyoshikika, akavuka barabara na kushika bakuli la mfinyanzi aliye hai, hupata kwa saa chache mafunzo ambayo kitabu kingempa kwa miezi.

Namna ya kushika na kusoma chombo

Kushika chombo kuna adabu zake, na makundi ya wakusanyaji huzifundisha kwa wageni wao kabla ya jambo jingine lolote. Pete, saa na bangili huvuliwa. Chombo hushikwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine ubavuni, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa laini. Wala hakinyanyuliwi kwa mpini au kwa ukingo, kwa kuwa hapo ndipo penye nyufa zisizoonekana na viraka vya zamani. Anayekiweka chini hukiachia kabisa, kisha mwenzake akakichukua mezani, kwa sababu vyombo vingi huvunjika vinapopokezanwa hewani, kila mmoja akidhani mwenzake bado amekishika.

Baada ya hapo chombo husomwa. Uzito hulinganishwa na ukubwa, kwani chombo kikubwa kinachonyanyuka kwa wepesi huonyesha kwamba kuta zake zimevutwa nyembamba na kwa usawa. Kidole hupitishwa ndani ya ukuta kutafuta mistari ya mzunguko iliyoachwa na vidole vya mfinyanzi wa gurudumu, au mawimbi yasiyo sawa ya chombo kilichojengwa kwa pindi za udongo zilizowekwa moja juu ya nyingine. Kisha chombo hupinduliwa, kwa kuwa kitakoni ndiko kwenye habari nyingi zaidi: rangi halisi ya udongo mahali glezi ilipoishia, chembe za mchanga wa tanuri zilizogandamana, alama za vigingi vilivyokishikilia ndani ya moto, na mhuri wa mfinyanzi au wa karakana yake. Hata hivyo mhuri hautoshi, na historia ya ufinyanzi inao mfano maarufu wa jambo hilo, kwani Shoji Hamada, aliyekuwa mmoja wa wafinyanzi wakuu wa Japani, aliporejea nyumbani kutoka Uingereza aliacha kuweka mhuri wake katika vyombo vyake, hivyo anayetaka kuitambua kazi yake hulazimika kuijua kwa umbo, kwa mchoro wa brashi na kwa glezi.

St Ives: tanuri lililotoka Japani

Hamada huyo ndiye anayewapeleka wakusanyaji hadi St Ives, mji wa pwani katika jimbo la Cornwall, ambako mwaka 1920 alianzisha karakana pamoja na Mwingereza Bernard Leach, aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1887 na kujifunza ufinyanzi nchini Japani. Katika miaka ya mwanzo ya karakana hiyo, mtaalamu wa Kijapani Tsurunosuke Matsubayashi aliwajengea tanuri la kupanda, yaani tanuri lenye vyumba vitatu vilivyofuatana juu ya mteremko, ambapo moto unaowashwa chini hupanda kutoka chumba hadi chumba na joto linalotoka katika chumba kimoja huanza kukipasha moto kinachofuata. Tanuri hilo bado lipo, na mgeni anaweza kulitazama kwa karibu katika karakana hiyo iliyofunguliwa upya mwaka 2008 ikiwa makumbusho na mahali pa kazi kwa pamoja.

Leach ndiye aliyelipa nguvu wazo la ufinyanzi wa karakana, yaani ufinyanzi ambao mtu mmoja au kikundi kidogo hubuni chombo, hukifinyanga, hukipaka glezi na kukichoma, tofauti na kiwandani ambako kila hatua ina mtu wake. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 kilienea miongoni mwa wafinyanzi wa nchi nyingi, na karakana yake ilitengeneza kwa miaka mingi vyombo vya nyumbani vya bei nafuu, kama vile bakuli, birika na vyungu vya kupikia, kwa imani kwamba uzuri unapaswa kuwepo mezani kila siku. Mkusanyaji anayefika hapo hukumbushwa kwamba sanaa anayoipenda ilianzia jikoni, na kwamba chombo kilichotumika kwa uangalifu hakipungukiwi na heshima.

Njia inayopita Abuja na kurudi na mwana wa Nairobi

Mwaka 1923 karakana ya St Ives ilimpokea Michael Cardew, mwanafunzi ambaye baadaye alifanya kazi Achimota, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi katika mji wa Abuja wa wakati huo, ambao leo huitwa Suleja, nchini Nigeria. Ndani ya jumba la Emir wa Abuja Cardew aliiona mitungi ya mwanamke wa kijiji cha Kwali aitwaye Ladi Kwali, na mwaka 1954 mwanamke huyo akajiunga na kituo hicho. Ladi Kwali hakuhitaji kufundishwa kufinyanga. Alijenga mitungi mikubwa kwa pindi za udongo, akiizunguka kwa miguu badala ya kuizungusha, kisha akaichora kwa ncha kali mijusi, nge na samaki waliopangwa katika mistari na viboksi. Kilichoongezwa na kituo ni glezi na tanuri la joto kali, hata mtungi wa kijijini ukatoka ukiwa chombo kigumu chenye utando wa kijani, michoro yake ikiwa imejazwa udongo mweupe. Vyombo hivyo vilionyeshwa na kuuzwa London kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo picha ya Ladi Kwali akifinyanga ipo nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria.

Katika miaka ya 1970 alifika Abuja mwanafunzi kijana kutoka Kenya. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, alishauriwa na Cardew aende Nigeria, na huko akajifunza kwa wafinyanzi wanawake, Ladi Kwali akiwa mmoja wao, kabla ya kurudi kukamilisha masomo yake Farnham na kisha katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London. Safari hiyo ilikuwa na mambo ya kushangaza, kwa kuwa Mwafrika wa Mashariki alielekezwa Afrika Magharibi na Mwingereza aliyekuwa amefundishwa na mwanafunzi wa Wajapani, lakini matunda yake hayafanani na kazi ya yeyote kati ya hao.

Kazi ya Odundo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Hatumii gurudumu wala glezi. Huanza na bonge la udongo, akalitoboa katikati na kuzivuta kuta zake juu kwa mikono, kisha akaongeza pindi za udongo ili kupata shingo na mdomo. Hukwangua kuta mpaka zikawa nyembamba, hupaka tope laini lililochujwa, na husugua chombo kizima kwa jiwe mpaka king'ae. Kikichomwa mara ya kwanza kwa hewa ya kutosha hutoka na rangi ya chungwa iliyokolea, na kikirudishwa motoni katika moshi hutoka cheusi, mara nyingine kikiwa na mawingu ya rangi zote mbili mahali moshi ulipopita kwa kusita. Umbo lake lina tumbo, kiuno, shingo iliyoinama kidogo na mdomo uliofunguka, na vinundu vidogo mgongoni kama pingili za uti, hata mtazamaji akajikuta akikitazama kama mwili wa mtu. Makumbusho ya Uingereza yana chombo chake katika vyumba vya Afrika, na mwaka 2020 alipewa na Malkia heshima ya juu yenye cheo cha Dame.

Mwaka 2019 jumba la sanaa la Hepworth katika mji wa Wakefield lilionyesha vyombo vyake zaidi ya 50 pamoja na vitu vya kale na vya sasa alivyovichagua mwenyewe, vikiwemo vya Misri na Ugiriki ya kale na sanamu za wachongaji wa Ulaya, kisha maonyesho hayo yakahamia Norwich. Mwaka 2022 maonyesho mengine yaliyoratibiwa na mtafiti Jareh Das yaliweka kazi za Ladi Kwali, Odundo na wasanii wanawake weusi wa kizazi kipya mahali pamoja, kwanza London na baadaye York. Kwa wakusanyaji waliozunguka kuyaona, maonyesho hayo mawili yalirekebisha masimulizi yaliyozoeleka, kwani historia ya ufinyanzi wa karakana wa Uingereza haielezeki tena bila Nigeria na Kenya.

Stoke: mji wa viwanda

Kituo cha Stoke-on-Trent hufundisha upande wa pili wa sanaa hii. Mji huo ulioundwa na miji sita ndio uliokuwa kitovu cha viwanda vya vyombo vya udongo vya Uingereza tangu karne ya 18, zama za Josiah Wedgwood, na matanuri yake ya matofali yenye umbo la chupa, ambayo zamani yalifukiza moshi juu ya mji kwa mamia, sasa yamebaki machache yanayolindwa na sheria. Katika makumbusho ya Gladstone, mtaa wa Longton, mgeni anaweza kuingia ndani ya tanuri la aina hiyo, na tangu mwaka 2009 mji huandaa kila baada ya miaka miwili tamasha la kauri ambalo huwaleta wasanii wapya katika majengo ya viwanda vya zamani.

Stoke ndiko pia kulikotolewa somo kubwa la umiliki. Makumbusho ya Wedgwood yalipokabiliwa na hatari ya kuuzwa kwa mnada kwa sababu ya deni la mfuko wa pensheni, kulifanyika mwaka 2014 mchango wa kitaifa ili kuunusuru mkusanyo wake kwa pauni milioni 15.75, na umma ukakamilisha sehemu ya mwisho ya fedha hizo kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mkusanyo ukakabidhiwa Makumbusho ya Victoria na Albert, ukaachwa uendelee kukaa Barlaston, karibu na Stoke.

York: mkutubi aliyeacha vyombo 3,600

Kituo cha mwisho, na pengine chenye mafunzo makubwa kuliko vyote kwa mkusanyaji wa kipato cha kawaida, ni jumba la sanaa la York, ambalo tangu mwaka 2015 lina kituo maalumu cha sanaa ya kauri. Msingi wa kituo hicho ni mkusanyo wa William Alfred Ismay, mkutubi wa Wakefield aliyezaliwa mwaka 1910. Ismay hakuwa tajiri. Alianza kununua vyombo vya wafinyanzi mwaka 1955, akaendelea kwa mshahara wa maktaba na baadaye kwa pensheni, na alipofariki mwaka 2001 nyumba yake ndogo ilikuwa imejaa vyombo zaidi ya 3,600 vya wafinyanzi zaidi ya 500, vikiwa juu ya rafu, meza na sakafu. Aliwatembelea wafinyanzi katika karakana zao, alihudhuria ufunguzi wa maonyesho yao, alinunua kazi za vijana wasiojulikana sawasawa na za mabingwa, alikula na kunywa kwa vyombo hivyo, na alihifadhi barua, risiti na orodha za maonyesho. Kisha akauacha mkusanyo wote kwa umma.

Kumbukumbu hizo za karatasi zina thamani inayokaribia ya vyombo vyenyewe, kwa sababu kupitia kwazo mtafiti anaweza kujua chombo fulani kilinunuliwa wapi, kwa bei gani, na mfinyanzi alisema nini juu yake. Kwa kuwa Ismay alinunua kwa karibu nusu karne bila kukoma, mkusanyo wake unaonyesha mfinyanzi mmoja alivyobadilika kutoka ujana hadi uzee, jambo ambalo makumbusho yanayonunua vyombo bora peke yake hayawezi kulionyesha. Kituo chenyewe kilipofunguliwa, msanii Clare Twomey aliweka humo bakuli 10,000 zilizotengenezwa kwa msaada wa watu wa kujitolea, idadi iliyokusudiwa kuwakilisha saa ambazo inasemekana mtu huzihitaji ili awe bingwa wa kazi yake.

Wajibu wa anayekusanya

Ziara ya karakana ina wajibu wake. Mfinyanzi anayefungua mlango huacha kazi, na udongo uliokwisha kutengenezwa haumsubiri mgeni; hivyo makundi mazuri huomba nafasi mapema, huja na watu wachache, na hununua pale kinapopatikana cha kununua, bila kuivunja bei ya kazi ambayo sehemu yake hupotea katika kila uchomaji kwa kupasuka au kupinda. Mnunuzi anayerudi mwaka hadi mwaka ndiye humwezesha mfinyanzi kujaribu glezi mpya au umbo gumu, kwa kuwa hujua kwamba yupo mtu atakayelielewa jaribio hilo.

Wajibu mzito zaidi unahusu vyombo vya kale. Katika makaburi ya nguzo ya pwani ya Afrika Mashariki yapo mashimo ya mviringo yaliyobaki baada ya bakuli zilizopachikwa humo kung'olewa, na kila bakuli lililong'olewa kwa ajili ya kuuzwa limepoteza maana yake kwa sababu hakuna tena ajuaye lilikuwa la kaburi gani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulikusudia kuzuia biashara ya namna hiyo, na mkusanyaji mwadilifu huuliza kila mara chombo kimetoka wapi, kimepita mikono gani, na kimetoka nchini mwake kwa ruhusa ya nani, na asipopata jibu huacha kununua.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hahitaji tiketi ya ndege ili aanze. Makumbusho ya Fort Jesus yanahifadhi kauri zilizochimbuliwa pwani, magofu ya Gedi na Kunduchi yanafikika, na ufinyanzi wa mikono bado ni kazi hai katika sehemu nyingi. Wanawake wa Kikisi wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwa mfano, hufinyanga vyungu vinavyouzwa katika soko la Matema na kusafirishwa mbali na hapo. Kinachopungua ni kikundi cha watu kumi au kumi na wawili watakaokubaliana kuzunguka pamoja, wakatazama, wakashika, wakanunua kwa bei ya haki na kuweka kumbukumbu.

Kati ya hayo yote, kumbukumbu ndiyo inayopaswa kutangulia. Ladi Kwali anajulikana duniani kwa sababu kazi yake iliandikwa kwa jina lake, ilhali wenzake wengi wa kizazi chake, waliofinyanga kwa ustadi uleule, wamebaki katika makabati ya makumbusho chini ya jina la kabila peke yake. Kikundi cha wakusanyaji kitakachoanza kwa kuandika kwa kila chungu jina la mfinyanzi, kijiji chake, mahali udongo ulipochimbwa, namna chungu kilivyochomwa na mwaka kilipopatikana, hata kama hakitawahi kununua chombo cha bei kubwa, kitakuwa kimefanya kwa Afrika Mashariki kile ambacho mkutubi wa Wakefield alikifanya kwa Uingereza, na wafinyanzi walio hai sasa watasomwa na vizazi vijavyo kwa majina yao wenyewe.